Mikono Yake Bado Iko Njiani

Jumatatu ile niliitwa mlangoni mwa chumba cha upasuaji saa moja na dakika ishirini asubuhi. Sikuwa na mazoea ya kuitwa kule. Mimi ni mtu wa mafaili. Ofisi yangu iko chini kabisa, jirani na masijala, na ina dirisha moja linaloutazama Mlima siku mawingu yakikubali, pamoja na kabati la chuma ambalo droo yake ya tatu haifunguki mpaka uisukume kwa goti. Daktari yeyote mgeni anayekuja kufundisha na kutibu katika hospitali yetu hapa Moshi hupita kwenye kabati hilo kwanza, ndipo apite mlango mwingine. Siku hiyo kulikuwa na aliyeanza na mlango mwingine.

Sista wa zamu alikuwa amesimama na orodha ya wagonjwa mkononi, kofia yake ya kitenge imeshuka mpaka kwenye nyusi.

"Dada, huyu profesa yupo kwenye orodha, tena jina la kwanza. Karatasi yake ya Baraza la Madaktari sijaiona."

"Imetoka, Sista. Ijumaa nimeiona mwenyewe kwenye mfumo."

"Nionyeshe basi."

Nikafungua simu pale pale kwenye korido. Mfumo ulisema kilekile ulichosema Ijumaa: ombi limekubaliwa, linasubiri malipo. Ijumaa nilisoma neno la kwanza nikaliacha la pili. Niliona "limekubaliwa", nikazima kompyuta nikakimbilia daladala, kwa kuwa mtoto wangu alikuwa na homa na dada wa nyumbani alishanipigia mara tatu. Kontrol namba, ile namba ya kulipia ada serikalini, ilitolewa mchana uleule. Hakuna aliyeilipia. Kwa hiyo mtu aliyekuwa ndani, amevaa nguo za kijani, ameshaosha mikono na anawachekesha madaktari wanaosomea ubingwa, kisheria hakuwa daktari katika nchi hii. Alikuwa mtalii mwenye elimu kubwa.

Nilihisi miguu imekuwa maji. Sista hakunifokea. Alinitazama tu, akasema taratibu, "Wagonjwa wanne hawajala tangu jana usiku."

Niseme kidogo jinsi nilivyofika kwenye kazi hii, maana watu hudhani aliyekabidhiwa vibali ni mwanasheria. Mimi nina stashahada ya utunzaji kumbukumbu, niliisomea Tabora. Nilipoajiriwa nilikuwa napokea barua na kugonga mihuri. Siku moja mzee aliyekuwa akishughulika na wageni alistaafu, nikaambiwa "hebu shikilia kwa muda". Muda huo umefika miaka kumi na moja. Nilichokijua nilikijua kwa kukosea, na Jumatatu ile ndiyo darasa lililonigharimu kuliko yote.

Ukanda huu umezoea madaktari wa kutoka mbali. Wazee wa Moshi bado wanasimulia habari za Wajerumani na Waskandinavia wa hospitali za misheni, na KCMC, hospitali kubwa ya rufaa ya hapa Moshi, ilipofunguliwa mwaka 1971 wageni walizidi kuja. Mazoea hayo yana uzuri wake, lakini yanaleta ugonjwa mmoja: watu wanaona daktari mweupe mwenye koti jeupe ni kama mvua, anakuja tu, haulizwi. Na wengine wao wenyewe wanaona hivyo. Nimeshapokea barua pepe ya mtu mwenye machapisho kurasa nne akiniuliza kama "hizo fomu" zinawahusu hata watu wa hadhi yake.

Zinamhusu kila mtu. Kwa ufupi mambo yako hivi. Baraza la Madaktari Tanganyika, linalosimamiwa na sheria ya mwaka 2017, ndilo linalosema wewe ni daktari upande huu wa Muungano. Usajili wako wa London au wa Nairobi ni ushahidi wa kupeleka kwenye Baraza, haujitoshelezi wenyewe. Mgeni wa muda hupewa usajili wa muda. Kando ya hapo kuna kibali cha kazi kutoka kwa Kamishna wa Kazi, chini ya sheria ya ajira za wageni ya mwaka 2015, halafu kibali cha ukaazi kutoka Uhamiaji. Hao ni wenye nyumba watatu. Kila mmoja ana ufunguo wake, na hakuna anayefungulia mlango wa mwenzake. Wageni wengi wakipata mmoja hudhani wamepata yote. Nimeshamwona mtu ana kibali cha ukaazi safi kabisa kimegongwa kwenye pasipoti, anashangaa kwa nini haruhusiwi kushika kisu.

Na barua inayosumbua kuliko zote ni ile ya mwenendo mwema wa kitaaluma, inayotoka kwenye bodi ya kule anakotoka, kusema hana kesi wala hajafungiwa. Barua hiyo haikai, huchacha kama maziwa. Ikipita miezi mitatu hivi, uwe tayari kuambiwa ulete nyingine. Tena inatakiwa itoke bodi kwenda bodi, isipitie mkononi mwa mwenyewe, na hapo ndipo wengi hukwazika wakidhani wanashukiwa wizi. Marekani haina leseni moja ya taifa zima. Kila jimbo lina bodi yake, kwa hiyo aliyehama jimbo ana zaidi ya mlango mmoja wa kugonga. Ujerumani nako ni mamlaka za majimbo. Mtu anakuja na cheti kimeandikwa Kijerumani kuanzia juu hadi chini, kina muhuri wa tai, hakina tafsiri, halafu anashangaa mimi sioni uzito wake. Uzito nauona. Kukisoma ndiko siwezi.

Basi, turudi koridoni.

Mkuu wa idara alikuja mwendo wa haraka. Nikamweleza bila kujitetea, maana kujitetea kungechukua muda ambao wagonjwa wale hawakuwa nao. Akanyamaza kama anayehesabu, kisha akaingia ndani. Kupitia kioo cha mlango nikamwona profesa akitikisa kichwa, akinyoosha mikono yake miwili mbele kama anayeuliza, sasa hii niipeleke wapi? Alikuwa bingwa wa upasuaji wa ngozi na makovu, amekuja wiki mbili kuwafundisha vijana wetu kufungua makovu ya moto yaliyovuta viungo. Huku kwetu kazi hiyo haiishi. Mafiga yapo, sufuria za uji zipo, na watoto wanaojifunza kutembea wapo.

Mtoto wa kwanza kwenye orodha alikuwa na miaka mitano, ametoka Rombo na bibi yake. Aliangukia moto akiwa mdogo, na vidole vinne vya mkono wa kulia vilikuwa vimekunjika vikashikana na kiganja, kama mtu aliyefumbata sarafu asiyetaka kunyang'anywa. Bibi alikuwa amekaa kwenye benchi na mfuko wa rambo umejaa nguo za kubadilisha na chupa ya chai ambayo mtoto alikuwa haruhusiwi kuigusa. Nilikwenda kumwambia mwenyewe. Ningeweza kumtuma muuguzi, lakini kosa lilikuwa langu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Wanatuita?"

"Bado kidogo. Kuna daktari mgeni alikuwa amshughulikie mjukuu, karatasi zake hazijakamilika. Wanapanga upya."

"Kwani huyo mzungu hajui kazi?"

"Anajua sana, bibi. Ila hajaandikishwa hapa."

Akafikiri. Akamvuta mtoto karibu, akamrekebisha kola ya shati. "Kumbe yeye kafika," akasema, "mikono yake ndiyo bado iko njiani."

Nimekaa miaka kumi na moja nikiwaelezea watu wenye shahada tatu tatu usajili wa muda ni nini, na hakuna niliyefanikiwa kumweleza kwa ufupi kama alivyojieleza yule bibi.

Waliamua hivi. Wagonjwa wawili ambao kazi yao ilikuwa ndani ya uwezo wa mabingwa wetu wataendelea, bingwa wetu akiwa ndiye mpasuaji. Profesa atakaa ndani kama mtazamaji, hatavaa glavu, hatasogea kwenye meza. Atasema kwa mdomo tu. Wawili waliobaki, mmoja wao mjukuu wa bibi, kazi yao ilikuwa ngumu na ndiyo hasa iliyomleta mgeni. Hao wakaahirishwa, wakaletewa chai na mkate.

Sista aliniambia baadaye kwamba profesa alikaa saa tatu mikono ameifunga nyuma, na kila alipotaka kuonyesha kitu alitoa kidevu kama kuku. Mwanzoni alikasirika. Alisema amepasua katika nchi nyingi na hajawahi kukutana na jambo kama hili. Mkuu wa idara, mtu mpole sana ambaye sijawahi kumsikia akipaza sauti, alimjibu, "Profesa, mgonjwa akipata shida mezani, mimi ndiye nitakayeandika maelezo. Nitaandika nani alimshika?" Bima yake ya kitaaluma ilikuwa ya kwao. Hakuna aliyeweza kutuhakikishia kwamba ingevuka bahari, tena kumfuata mtu asiyesajiliwa.

Ningependa kusema vijana walijifunza vizuri zaidi kwa kuwa yeye alinyimwa kisu. Mmoja wao aliniambia hivyo, lakini nadhani alikuwa ananifariji. Ukweli ni kwamba siku moja ya mafunzo iliharibika nusu, na watoto wawili walilala njaa bure.

Malipo yalifanyika saa mbili na nusu, mhasibu aliponiona mlangoni na uso ule. Usajili ulitoka Jumatano mchana. Bibi hakurudi Rombo, nauli ya kwenda na kurudi watu wawili si mchezo. Alilala kwa binamu yake Majengo. Alhamisi asubuhi nilipopita akaniita kwa mbali, mbele ya watu wote wa benchi: "Mwanangu! Imefika?" Nikamjibu imefika, bibi. Vidole vitatu vilifunguka vizuri. Cha nne, kile kidogo, waliniambia kitahitaji kurudiwa akikua.

Wiki kadhaa baada ya hapo nilimsimulia mkasa huu daktari wetu mmoja aliyekuwa ametoka California. Alikuwa ameenda miezi mitatu kwenye hospitali ya chuo kikuu kujifunza. Nilitegemea anihurumie. Alicheka mpaka akaweka kikombe chini.

"Wewe unalia kwa siku mbili? Mimi miezi mitatu sikugusa mgonjwa hata kwa kidole."

Alienda kama mtazamaji, kwa hiyo kazi yake ilikuwa kutazama. Alikuwa na mstari wake pale ndani asiotakiwa kuuvuka, na beji shingoni yenye neno la kumtambulisha kuwa ni mgeni. Huyu ni mtu ambaye usiku wa zamu hapa kwetu amefungua matumbo ambayo wenzake wa kule huyasoma vitabuni. Siku moja kijana mdogo wa kule, yuko mwaka wa pili wa ubingwa, akawa anahangaika na fundo kwenye kina cha nyonga. Daktari wetu akaona kosa mapema kabisa. Akalisema kwa sauti ndogo. Kijana hakusikia, au alisikia akapuuza. "Nikaweka mikono mfukoni," akaniambia, "nikakumbuka profesa wako wa kidevu."

Kitu alichokirudisha kutoka kule, na ambacho kimenisaidia kuliko semina zote nilizohudhuria, ni habari ya kibali maalumu walichonacho California kwa ajili ya walimu wa vyuo vya udaktari. Kwenye ile idara alikuwapo profesa aliyetoka Ulaya, jina kubwa katika fani yake, ambaye hakuwa amefanya mitihani ya kawaida ya leseni ya Marekani. Chuo ndicho kilichomwombea kibali kwa bodi ya jimbo, kikieleza huyu ni mwanataaluma mashuhuri, tumempa kiti cha uprofesa, tunamhitaji. Akapewa. Anafundisha, anatibu, anapasua. Lakini kibali kinamruhusu kufanya hayo ndani ya chuo na hospitali zilizofungamana nacho tu. Akivuka barabara akafungua kliniki yake, amevunja sheria. Akiacha kazi chuoni, kibali nacho kinaisha, hakiwezi kumfuata kwa mwajiri mwingine kama leseni ya kawaida inavyomfuata mwenzake.

"Yaani kibali kimefungwa kwenye nguzo," nikasema.

"Kama mbuzi," akasema. "Kamba ndefu, majani yapo, lakini kamba ipo."

Mpaka siku ile nilikuwa nadhani masharti ya mahali ni usumbufu wa kwetu, hizi nchi zetu za mihuri. Kumbe hata waliokuwa wakinilalamikia wanatoka mahali penye kamba hiyohiyo. Tangu hapo mgeni akianza kunipandishia sauti, namuuliza kwa adabu: mimi nikija na daktari wangu bingwa kwako kesho asubuhi, utampa mgonjwa saa ngapi? Wengi huishia hapo. Mmoja wa Uingereza alicheka, akaanza yeye kunieleza mpango wa kwao wa kuwapokea madaktari wa nchi kama zetu kwa mafunzo, mwisho miezi ishirini na minne, lazima awepo mdhamini anayetambuliwa na baraza lao, ukimaliza unarudi kwenu. Akajaza fomu zangu bila neno.

Kamba hiyo ilinitia majaribuni mwenyewe mwaka uliofuata. Tulikuwa na bingwa wa watoto, mama mmoja mnyenyekevu wa kutoka Uholanzi, usajili wake umekamilika, kibali kiko sawa. Ibada ya Jumapili alisali kwenye kanisa moja la milimani. Mchungaji akamtambulisha, akamwomba Jumamosi ijayo apitie zahanati ya pale awaone watoto "kwa saa mbili tu". Habari ikatangazwa. Alhamisi akaja kuniuliza kama kuna tatizo. Nikatoa nakala ya karatasi yake kwenye droo, nikamwonyesha mahali palipoandikwa kituo cha kazi. Kilikuwa kimoja.

Mchungaji alinipigia simu mwenyewe. "Mama, ni watoto wetu hawa. Hatumlipi, ni huduma." Nikamwambia Baba Mchungaji, malipo si hoja, sheria inauliza nani amemshika mgonjwa na wapi. Akaniambia nina moyo mgumu. Pengine. Watoto wengine kumi na kitu walikuwa wameshaambiwa waje, na najua milima ile ikinyesha inavyokuwa kushuka. Tulichofanya ni kumpeleka daktari wetu Mtanzania Jumamosi ile, na waliohitaji zaidi wakateremshwa mjini Jumatatu kuonwa na yule mama akiwa kwenye kituo chake. Baadaye tuliiombea zahanati ile iongezwe kwenye barua ya mwaliko wa mgeni aliyefuata. Ilikuwa rahisi kuliko nilivyodhani. Ilitaka tu mtu aombe mapema, na mimi sikuwahi kuomba kwa sababu hakuna aliyewahi kuniuliza.

Wageni wa wiki mbili hawanichoshi kama wale wa kudumu. Mwalimu wa kweli hakai wiki mbili. Kumtoa bingwa mmoja kunachukua miaka mitatu hadi minne kutegemea fani, na kibali cha kazi hutolewa kwa miaka miwili, kinahuishwa, lakini jumla yake ina kikomo. Fanya hesabu. Mwalimu mgeni akianza na kundi lake la kwanza, analimaliza. Linalofuata pengine analiacha katikati, labda aombewe kwa sababu za pekee, na kuomba huko kuna jasho lake. Nimeona vijana wanabadilishiwa msimamizi wa utafiti mwaka wa mwisho kwa sababu ya tarehe iliyoko kwenye pasipoti ya mtu. Hata Wakenya na Waganda, ndugu zetu, tunawaombea vibali vilevile. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 2010, makao makuu ya Jumuiya yako pale Arusha, mwendo wa saa mbili kwa basi kutoka mezani kwangu, na mimi bado nagonga mihuri.

Lakini sheria ile ina kipengele kimoja ambacho zamani nilikidharau na sasa nakitetea: mwajiri lazima aonyeshe mpango wa kumrithisha Mtanzania kazi ya mgeni. Nilikuwa nakijaza kwa kunakili. Nafungua ombi la zamani, nabadilisha jina la mgeni na tarehe, majina ya warithi yanabaki. Mpaka siku afisa mmoja aliponipigia, sauti ya kistaarabu kabisa.

"Dada, habari za Moshi?"

"Njema tu, mheshimiwa."

"Huyu mrithi wenu namba mbili, atarithi lini?"

"Ndani ya miaka miwili, mheshimiwa, kama tulivyoandika."

"Naona tarehe yake ya kuzaliwa hapa. Si ameshastaafu huyu?"

Alikuwa amestaafu mwaka mmoja na nusu nyuma. Nilikula ndizi kwenye sherehe yake ya kuagwa. Sikuwa na la kusema. Afisa akacheka, akaniambia rudisha ombi, lifanye upya, na safari hii uwaulize wenyewe.

Nikaenda kuwauliza. Ndipo nilipogundua kwamba kijana wa kwanza kwenye orodha ile hakuwa anajua kuwa yeye ni mrithi wa mtu. Alikuwa amefanya kazi idara moja na profesa mgeni miaka mitatu, hajawahi hata mara moja kukaa naye kwenye kliniki ya wagonjwa wagumu, kwa sababu kila siku hiyo alipangwa zamu ya dharura. Kwenye karatasi alikuwa anarithishwa. Kwenye ratiba alikuwa anafukuzwa. Nilipeleka jambo hilo kwa mkuu wa idara, nikiwa na fomu mkononi kama kinga, maana si kazi ya mtu wa masijala kupangia madaktari zamu. Ratiba ilibadilishwa wiki ileile. Kijana huyo leo ndiye anayeendesha kliniki ile, na mgeni alishakwenda kwao.

Mambo madogo niliyoyashika njiani ni mengi, mengine hayafai hata kuandikwa. Picha za pasipoti ziwe na mandhari inayotakiwa, usipige na ukuta wa nyumbani. Tarehe za Wamarekani huanza na mwezi, kwa hiyo 04/09 kwao ni Aprili, na kosa hilo limeshaniponza. Mtu mwenye majina manne aandike yote manne kila mahali, kwa mpangilio uleule. Vifaa na nyuzi za kushonea wanazobeba kwenye masanduku ni habari nyingine kabisa, hizo ni za TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na mwaniambia mkiwa mmeshatua uwanja wa ndege wa KIA! Mwanafunzi aliyekuja kujifunza si daktari, hata awe na miaka arobaini na ndevu.

Na Ijumaa siendi nyumbani kabla ya kupanda ngazi mpaka kwa Sista. Nampelekea orodha ya wageni wa wiki inayokuja kwenye karatasi, siitumi kwa simu. Ina safu tatu: Baraza, Kazi, Uhamiaji. Kila safu ina namba au ina mstari mtupu. Hatuandiki "limekubaliwa". Hatuandiki "iko njiani". Asiye na namba kwenye safu ya Baraza, Sista anamkata kwa kalamu nyekundu kwenye orodha ya upasuaji ya Jumatatu, hata awe nani, na mgonjwa wake anaambiwa siku ileile ya Ijumaa ale chakula chake cha jioni.

Wiki iliyopita orodha ilikuwa na watu wanne. Watatu walikuwa na namba. Wa nne, daktari wa usingizi, ndege yake inatua Jumapili usiku, kontrol namba imetoka saa tisa alasiri, na mhasibu alikuwa ameshashika funguo za ofisi. Nilimkuta kwenye ngazi.

"Dada, si Jumatatu tu?"

"Kaka, rudi," nikamwambia. "Rudi tafadhali. Nitakusubiri hapa hapa mpaka risiti itoke."

Akarudi akinung'unika. Risiti ilitoka saa kumi na moja kasorobo, nikaipeleka juu nikiwa nimeikunja mkononi.